Mkunga Aliyevuta Moto kwa Ndani

Mkunga alivuta sigara akiwa ameingiza upande wenye moto ndani ya mdomo. Wanawake wengi wazee wa kwetu walivuta hivyo, lakini watoto wa ploti yetu pale mtaa wa Tuwan, waliozaliwa mjini Kitale, hawakuwahi kuona jambo kama hilo, na kila mpangaji mpya alipoingia ilibidi tumweleze kwamba yule mama mzee hana wazimu. Aliiwasha kwa nje kama watu wote, akaivuta mara moja, kisha akaigeuza polepole na kufunga midomo. Ulichoona ni kipande cheupe kimechomoza, na moshi ukitoka puani.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asiuache moto ukae nje. Alisema alijifunza akiwa msichana anayebeba watoto wa watu. Ukiwa na mtoto huna mkono wa kushika sigara, na cheche ikianguka inamwangukia yeye.

"Moto ukae kwangu," alisema. "Mtoto alikosa nini?"

Angeweza kukupa sababu nzuri ya jambo baya mpaka ukaona aibu kuuliza tena.

Watu wote walimwita Mkunga, hata mwenye ploti. Watoto, na sisi tuliokuwa karibu naye, tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu ya Bungoma. Jina lake la nyumbani nililisikia miaka mingi baadaye, na hata sasa sioni kama lilikuwa lake.

Chumba chetu kilipakana na chake. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, baada ya baba kufariki na mama kumfuata, na nilikuwa nikishona magunia kwenye stoo za mahindi ili wadogo zangu wale. Mkunga ndiye aliyemzalisha mama dada yetu wa mwisho. Baada ya matanga ya mama, ndugu za baba walikuja kutugawana: huyu aende Cheptais, huyu Matulo, huyu akafanye kazi za nyumbani kwa rafiki wa nani. Tulikuwa tumeshafungiwa nguo. Mkunga akajisukuma kutoka chumbani kwake, akaja akaketi katikati ya mlango wetu, mguu mbovu ameunyoosha upande huu na mzima upande ule.

"Anayetaka kupita na mtoto anikanyage," alisema.

Hakuna mwanamume wa kwetu anayeweza kumruka mkunga. Ndugu za baba walibembeleza, wakakasirika, wakamwambia haya si mambo yake. Yeye alikaa tu na sigara yake mdomoni. Mwishowe waliondoka, na tangu siku hiyo wadogo zangu walilelewa na mimi, na mimi nikalelewa na yeye.

Alikuwa ameanguka miaka michache kabla ya hapo. Baba mmoja alikuja kumwita akamzalishe mke wake, akampakia nyuma ya baiskeli, kwenye keria. Mvua ilikuwa imenyesha na baiskeli ikateleza kwenye mteremko. Aliangukia ubavu na nyonga ikavunjika. Yule baba alitaka kumkimbiza hospitali. Mkunga akaamuru apelekwe kwa mama anayeumwa kwanza, na alizalisha akiwa amelala kwenye mkeka kando ya kitanda, akielekeza kwa mkono mmoja. Mtoto alipolia ndipo naye alipokubali kulia. Hospitalini walimning'iniza mguu kwa kamba na vyuma vya uzito, lakini hakungoja mfupa ushike. Alisikia Tuwan kuna mama wa mapacha ambaye siku zake zimekaribia, akamlazimisha mwanawe ambebe mgongoni arudi. Mfupa ulishika vibaya, mguu ukawa mfupi, na hakusimama tena.

Alitembea kwa kukalia gunia lililokunjwa, akijisukuma kwa viganja. Nilimshonea gunia jipya kila la zamani lilipotoboka. Wasamaria wema walimletea kiti cha magurudumu. Hakikupita mlangoni, na uani matope yalikikamata kama ng'ombe aliyekwama, kwa hiyo tulikuwa tukianikia nepi juu yake.

Usidhani alikuwa mpole kwa sababu ya hayo. Alitukana vizuri sana. Mama aliyepiga kelele wakati wa uchungu aliambiwa, "Mwili wote huu unaogopa nini? Anayefaa kuogopa ni mtoto, anakuja mahali hapajui." Baba aliyekuja kumwona mtoto mchanga akinuka tumbaku alifukuzwa mpaka akaoge. Mmoja alijaribu kumwonyesha sigara iliyokuwa mdomoni mwa Mkunga mwenyewe, naye akajibu kwamba hiyo ina mlango na ya baba wa watu haina. Mchungaji alipokuja kumwombea alihubiri kwamba mwili ni nyumba ya Mungu na nyumba ya Mungu haifukizwi moshi. Mkunga aliitikia amina kuliko wote, na maombi yalipokwisha akamwomba mchungaji kiberiti.

Baada ya kuumia aliendelea kuzalisha, ila sasa akina mama ndio waliomjia. Aliketi sakafuni na wao wakalala kwenye mkeka mbele yake. Wengine waliokuwa wakijifungulia hospitali walipita kwanza kwake awapapase tumbo. Nilimwona akimgeuza mtoto aliyekaa vibaya, taratibu, kwa siku kadhaa, huku akiongea naye kama anayemshawishi mtu ashuke mtini.

Kwetu mkunga halipwi, hushukuriwa, na shukrani zenyewe haziishi siku ya kuzaliwa. Mtoto akiota jino, akikaa, akisimama, mama yake humpeleka kwa mkunga na kitu kidogo mkononi. Kwingine huwa ni unga au kuku. Kwa huyu wetu ilikuwa tumbaku, kwa sababu ndiyo aliyoipenda tangu zamani na kila mtu alijua. Na shukrani haiwekwi kando. Unga hupikwa aliyeuleta akiwapo, na sigara huvutwa akiwapo. Wazee husema shukrani iliyokataliwa humrudia mtoto.

Kwa hiyo yeye, ambaye hakuweza kufika hata kwenye kioski kilichokuwa ng'ambo ya barabara, hakuwahi kukosa sigara. Zilimjia na watoto. Kila aliyeingia aliketi, akamwashia, akasimulia habari za mtaa, na Mkunga akajua ya Tuwan yote bila kutoka kwenye gunia lake. Wakati mwingine nilirudi kutoka stoo nikakuta moshi umejaa mle ndani mpaka sura hazionekani, na kicheko chake kikiishia kwenye kikohozi kirefu kilichomkunja mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Kifua kilianza kupiga filimbi. Akawa halali ila ameegemea ukuta. Wakati huohuo tulipata habari kwamba kuna daktari wa mifupa anayekuja mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Bungoma, na kwamba anavunja upya mifupa iliyoshika vibaya na kuinyoosha. Nilimpeleka. Daktari aliipiga picha ile nyonga akasema inaweza kutengenezwa, angetembea kwa fimbo. Kisha akamsikiliza kifua. Alisema kwa kifua hicho akipewa dawa ya usingizi hataamka. Aache sigara kabisa, na yeye akirudi mavuno yajayo, kifua kikiwa kimepona, atampasua.

Muuguzi aliachiwa kazi ya kutushauri. Alikuwa msichana mzuri mwenye sauti ya kanisani. Alisema hamu ya sigara haikai sana, huja na kupita. Ikija, ondoka ulipoketi. Toka nje, tembea, nenda shambani, epuka watu wanaovuta. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Binti yangu," alisema, "mimi na hiyo hamu tunakaa chumba kimoja, na yeye ndiye ana miguu."

Muuguzi alicheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye. Hakuwa na ushauri mwingine. Sidhani kama ulikuwapo popote.

Tulianza wakati watu wanapanda mahindi, na ilibidi tujitungie njia. Kwa kuwa yeye hawezi kuondoka penye sigara, tuliiondoa sigara na kila kilichoifuata. Tulisugua kuta kwa majivu na maji. Tulihamisha kitanda mahali ambapo hakuwahi kuvutia. Asubuhi nilimbeba mgongoni nikamtoa uani juani kabla ya chai, maana saa ile ya chai ndiyo iliyomshinda, na kabla ya kwenda stoo nilimwachia magunia mabovu na sindano ili mikono isikae bure. Mdomo tuliupa mukombero, ule mzizi wanaotafuna watu wa kwetu, na miwa. Wadogo zangu walipotoka shule walikaa naye kwa zamu.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Alitutukana, akatulilia, akanirushia ile sindano ndefu ya gunia ikanichoma begani. Baadaye aliniita "mama" siku nzima, hivyo ndivyo alivyojua kuomba msamaha. Kwa waliokuja na watoto nilisimama mlangoni nikawaeleza habari za daktari, nikawaomba walete sukari. Wengi walielewa, au walisema wameelewa. Lakini sukari haimfanyi mtu akae. Walimpa, wakanywa maji, wakaaga.

Hata hivyo kifua kilianza kutulia. Jioni moja nilimkuta amelala chali, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa muda mrefu, na nikadhani amekufa mpaka alipofumbua jicho moja akaniuliza ninatazama nini. Akaanza kutaja mambo atakayofanya kwa mguu wake. Atakwenda sokoni achague samaki mwenyewe, sio kuletewa aliyelala. Lakini aliloliwaza zaidi lilikuwa dogo.

"Nataka niende choo peke yangu," aliniambia, "nifunge mlango, nikae huko mpaka watu waulize nimeenda wapi."

Mahindi yalipotoa ndevu hakuwa amevuta hata moja. Ndipo alipokuja Mama Nafula.

Mama Nafula aliuza dagaa wa omena karibu na stendi. Alikuwa amezaa binti wengi, na mwaka ule Mkunga alikuwa amemzalishia mvulana wa kwanza, pale pale chumbani. Sasa mtoto alikuwa amekaa. Alikuja naye amevalishwa sweta jipya, na katika kitambaa alikuwa amefunga sigara mbili. Nilikuwepo. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine. Alinisikiliza huku akimtazama Mkunga.

"Kukhu, si uvute moja tu," alisema. "Huyu ni kijana."

Mkunga alimchukua mtoto, akampapasa mgongo, akamsifu. Sigara alizitazama muda mrefu. Kisha akazisukuma kwa nyuma ya kiganja kama mtu anayesogeza sahani akiwa ameshiba. Alisema atazivuta siku atakayosimama, na huyo kijana atakuwa anatembea, watasimama pamoja. Alikisikiliza pia kifua cha mtoto kwa sikio lake, akamwambia mama yake ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

Mama Nafula alifunga kitambaa chake. Kitale mwezi wa saba ni baridi ya kuuma mifupa, na kila mtoto alikuwa na kikohozi. Alisubiri auze omena kwanza. Mtoto alifariki kwa nimonia ndani ya juma hilo.

Hakuja kugomba. Ingekuwa afadhali. Alikuja baada ya mazishi na binti yake mmoja, akaketi mahali pale pale, akafungua kitambaa kile kile akaziweka zile sigara sakafuni.

"Kukhu," alisema, "si ungevuta tu."

Mkunga hakumwambia habari za nimonia wala za hospitali. Aliomba kiberiti. Hatukuwa nacho ndani, kwa hiyo akamtuma binti wa Mama Nafula alete kaa la moto kutoka jikoni kwa jirani. Akawasha, akageuza, akafunga midomo. Akavuta ya kwanza ikaisha, akavuta ya pili, machozi yakimtoka kwa sababu ya kikohozi au kwa sababu nyingine, na yule mama akimtazama mpaka mwisho.

Kesho yake walikuja wengine. Habari ilikuwa imezunguka Tuwan kwamba Mkunga anakataa shukrani na watoto wanakufa. Walikuja na wachanga, wakaja na wa shule, mmoja alikuja na kijana aliyeanza kuota ndevu akiona haya mlangoni. Waliketi ukutani kwa mpangilio kama watu wa kliniki. Kila mmoja alitoa sigara yake, akangoja ivutwe. Waliomletea sukari mwanzoni walirudi kubadilisha.

Walipoondoka nilifunga mlango, nikapigana na Mkunga kwa maneno. Nilimwambia mtoto ameuawa na nimonia, kila mtu mwenye akili anajua.

"Mimi ndiye nilimwambia ampeleke hospitali," alisema. "Unafikiri sijui ni nimonia?"

"Sasa mbona unavuta?"

"Wewe unajua, mimi najua. Hao hawajui. Mtoto akikohoa usiku watalala aje?"

"Na mguu wako, Kukhu?"

"Mguu ni wa mtu mmoja," alisema.

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka mingi. Kuna siku nayaona kama huruma kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Kuna siku nakumbuka jinsi alivyofumba macho alipovuta ile ya kwanza, mabega yakashuka, na nasema alikuwa mvutaji tu aliyepata ruhusa. Niliwahi kumuuliza hivyo hivyo, nikiwa na hasira. Alinijibu kwamba vyote viwili vinapita mdomo mmoja, nisimsumbue kuvitenganisha.

Mavuno yalipofika nilimpeleka kwa daktari hata hivyo. Tulimlaza kwenye mkokoteni mpaka barabara kubwa, tukapata pikapu ya mahindi iliyokuwa inaelekea Bungoma. Njia nzima alikohoa. Daktari alimkumbuka. Aliweka chombo chake kifuani, hakukaa nacho sana, akakitoa masikioni. Alimuuliza kama alijaribu kuacha. Mkunga akasema alijaribu. Muuguzi yule mwenye sauti ya kanisani aliinamisha kichwa akaandika. Nilitaka kueleza, lakini ningeanzia wapi? Daktari alimpa mkono Mkunga kwa heshima akaita mgonjwa mwingine.

Aliishi Tuwan miaka mingine kadhaa, akivuta zaidi kuliko kwanza. Uzazi ulihamia hospitalini, lakini shukrani za zamani ziliendelea kuja. Mwanawe, aliyekuwa amejenga Matulo karibu na Webuye, alikuja kumchukua aliposhindwa hata kujisukuma. Siku anaondoka hakuniaga. Alinikaripia kwamba gunia alilokalia nimelishona kwa uzi mwembamba.

Nilikwenda kumwona baada ya muda mrefu, nilipoweza kuacha kazi siku mbili. Wadogo zangu walikuwa wamekua. Wawili niliwafikisha sekondari. Mke wa mwanawe alinipokea vizuri, mama wa kanisa aliyeokoka, nyumba inang'aa, na alinieleza hapo hapo mlangoni kwamba tumbaku haiingii katika boma lake. Chumba cha Mkunga kilikuwa nyuma, kinatazama migomba. Alikuwa amepungua mpaka nikamwinua kwa mkono mmoja kumpanga mto. Filimbi ya kifua niliisikia kabla sijaingia.

"Nimeacha," aliniambia, hata kabla ya salamu.

Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu nifike. Hapa hakuna mtu nilimzalisha. Anakuja nani?"

Nilijitahidi kufurahi. Nilimweleza kuwa nimepita hospitali Bungoma nikauliza, kwamba siku hizi kuna daktari wa mifupa wa karibu, na kuna namna ya kumtia mtu ganzi kuanzia kiunoni bila kumlaza usingizi, kwa hiyo kifua si lazima kiwe kizima. Nikamwambia nitaleta gari. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayesimulia harusi ya watu msiowajua.

"Nikipewa miguu sasa," alisema, "niende kwa nani?"

"Kwangu, Kukhu."

"Kwako ni Tuwan. Tuwan wakiniona wataleta watoto wao."

Nilimchana nywele, nikampa uji, akanywa vijiko vichache. Aliuliza habari za kila mmoja wa wadogo zangu kwa majina, na alipofika kwa wa mwisho, yule aliyempokea kwa mikono yake, nikamwambia ameolewa na ni mjamzito. Nilidhani atauliza mtoto amekaaje. Alifumba macho, na kwa muda nikafikiri amelala.

"Azalie hospitali," alisema. "Akitoka huko asimpelekee mtu kitu chochote."

Kisha akaniomba nimgeuze aelekee ukutani, nikamgeuza.